Ugenini na Ughaibuni: Wasiwasi wa Siku za Mwanzo katika Maandishi ya Wasemaji wa Kiswahili Waliofika Ujerumani, 1867–1905

Mtu anayerejea kutoka safari katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki huulizwa habari za huko atokako, na jibu lake la kwanza ni moja tu: njema. Hata kama ameibiwa, ameugua au amemzika mwenziwe njiani, neno hilo hutangulia. Yaliyo mazito hufuata baadaye, baada ya maji ya kunywa na pumziko la miguu, tena aghalabu kwa kuanzia na neno “lakini”. Barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu katika karne ya 19 zina utaratibu huo huo. Salamu hutangulia, hufuata taarifa kwamba hali ni njema, na ndipo mwandishi anapofika kwenye “ama baada”, kisha kwenye jambo lenyewe. Msomaji asiyeujua utaratibu huu anaweza kudhani kwamba waandishi wa barua hizo hawakuwa na shida yoyote duniani.

Dhana ya namna hiyo imeyaathiri masomo ya nathari ya awali ya Kiswahili. Hadithi za safari zilizoandikwa na wasemaji wa Kiswahili waliofika Ulaya mwishoni mwa karne hiyo zimesomwa mara nyingi kama orodha za maajabu: meli kubwa, gari la moshi, majumba ya ghorofa, taa, wanyama waliofungiwa katika bustani. Wako waliohitimisha kwamba nathari hiyo haikuwa na nafasi ya moyo wa msimulizi, na kwamba hofu, upweke na fadhaa ni mambo yaliyoingia katika Kiswahili pamoja na riwaya ya karne ya 20. Hitimisho hilo halina msingi wa kutosha. Limechanganya ukimya wa maandishi na ukimya wa mtu, na halikuuliza maandishi hayo yaliandikwa mbele ya nani.

Swali hili huonekana wazi zaidi zinapowekwa pamoja kumbukumbu za aina mbili ambazo kwa kawaida husomwa mbalimbali: zile za Sayyida Salme, aliyefika Hamburg mwaka 1867, na zile za walimu wa Kiswahili walioitwa Berlin kuanzia mwaka 1889. Ubishi wa nani hasa ni Mswahili unaweza kuachwa kando hapa. Salme alikuwa binti wa Sultani wa Kiomani, na mama yake alikuwa Mcherkesi. Walimu wa Berlin nao walitofautiana kwa nasaba. Kinachowaunganisha ni lugha waliyoibeba hadi kwenye mji ambao karibu hakuna aliyeijua.

Hamburg, 1867

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Katika kumbukumbu zake, Memoiren einer arabischen Prinzessin, zilizochapishwa mwaka 1886, ameeleza kwamba mbele ya baba yake, Sayyid Said bin Sultan, Kiarabu ndicho kilichotakiwa kusemwa. Lakini mara mzee alipogeuka, jumba lote lilijaa Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi. Wasichana walifundishwa kusoma, si kuandika. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, kwa kunakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ndio uliomwingiza katika njama ya kaka yake Barghash mwaka 1859, alipokuwa karani wa barua za wala njama akiwa na umri wa miaka 15 tu.

Agosti 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, akiwa na mimba ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Mtoto wao wa kiume alizaliwa Aden mwezi wa Desemba. Tarehe 30 Mei 1867, siku moja, Salme alibatizwa, akapewa jina la Emily, akaolewa. Safari ya kuelekea Ulaya ilianza papo hapo. Mtoto alifariki njiani, katika nchi ya Ufaransa, kabla wazazi wake hawajafika Hamburg.

Jambo hili la mwisho halimo katika kitabu cha mwaka 1886. Kitabu hicho kinaipita Hamburg kwa haraka ya kushangaza. Msomaji anasimuliwa kwa urefu juu ya chakula, mavazi, sikukuu na magonjwa ya Unguja, kisha maisha ya miaka kadhaa Ujerumani yanafungwa katika kurasa chache. Simulizi ya siku za mwanzo imo katika maandishi mengine, Briefe nach der Heimat, yaani barua za kwenda nyumbani. Maandishi haya hayakuchapishwa alipokuwa hai. Yalibaki miongoni mwa karatasi zilizofika Leiden kupitia kwa mwanawe, yakatolewa kwa Kiingereza na E. van Donzel mwaka 1993, kisha kwa Kijerumani mwaka 1999.

Umbo la maandishi hayo linastahili kuangaliwa. Ni barua, na anayeandikiwa ni rafiki wa kike aliyebaki Unguja, asiyetajwa jina. Lakini zimeandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo rafiki kama huyo asingeweza kuisoma. Kwa hiyo mwandishi amejiwekea msikilizaji wa nyumbani, huku akijiepusha na adabu za nyumbani. Katika Kijerumani hakuna anayemdai jibu la “njema”. Humo ndimo anamoeleza baridi ya nyumba, milango iliyofungwa, nguo nzito za kubana, vyakula visivyolika, na macho ya watu waliotaka kumwona mwanamke kutoka Unguja. Humo pia anaungama kwamba alikuwa amebatizwa bila kufundishwa lolote la maana juu ya dini aliyoiingia, hivyo katika saa za hofu hakuwa na dua aliyoiona kuwa ni yake kwa haki.

Makao ya wanandoa hao yalikuwa Uhlenhorst, kando ya ziwa la Alster. Kwa mujibu wa barua, mazungumzo ya mume na mke yalikuwa ya Kiswahili. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili na wanahistoria wa lugha. Katika mji mkubwa wa bandari kulikuwa na nyumba ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya kitandani na mezani, na jamii nzima ya wasemaji wake ilikuwa ya watu wawili. Mume alipokwenda kazini asubuhi, jamii hiyo ilivunjika hadi jioni. Watumishi walikuwapo, ila hapakuwa na neno la kuwaambia. Aliyezoea jumba lenye mamia ya watu alijikuta akingoja, kutwa nzima, msemaji mmoja.

Haki inadai kuongeza kwamba sehemu ya msongamano aliokuwa akiukumbuka ilikuwa ya watumwa, na kwamba katika kitabu chake Salme aliutetea utumwa. Mjini Hamburg uwanja mmoja ulipewa jina lake mwaka 2019, na jina hilo likaondolewa baadaye kwa sababu hiyo hiyo. Huzuni yake ilikuwa ya kweli, na ilikuwa pia huzuni ya mtu wa tabaka fulani.

Baridi na saa

Mgeni katika mji asioujua hupotea njia kwanza, ndivyo inavyodhaniwa. Kwa mtu wa pwani aliyefika kaskazini ya Ulaya, kilichopotea kabla ya njia ni saa. Unguja iko kiasi cha digrii 6 kusini ya Ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki saa nzima, na ndiyo maana Kiswahili kinaweza kuhesabu saa tangu jua lichomozapo na tena tangu lituapo bila ya kumpoteza mtu yeyote. Saa kumi na mbili jioni ni machweo, leo na miezi sita baadaye. Hamburg, karibu na digrii 53 na nusu kaskazini, mchana wa Juni hukaribia saa 17, na wa Desemba hupungua hata chini ya saa 8. Salme alifika kiangazi. Msamiati wake wote wa wakati ulikuwa umefungamana na jua ambalo sasa lilikataa kutua. Kwa Mwislamu, mambo huwa mazito zaidi, kwa kuwa magharibi na isha si majina ya saa tu bali ni nyakati za ibada. Walimu Waislamu wa Berlin, mji ulio kusini kidogo tu ya Hamburg, walilikuta tatizo hilo kila mwaka.

Baridi nayo ina historia yake katika lugha. Neno hili limetokana na mzizi wa Kiarabu b-r-d, ambao pia umezaa kuburudika, kuburudisha na burudani. Katika nchi ya joto mantiki yake iko wazi: kupoa ni kustarehe. Mwenye shida hutakiwa apoe moyo, na maji ya baridi ni takrima kwa mgeni. Msemaji aliyelibeba neno hilo hadi kwenye theluji alilazimika kulitumia kwa adui. Hakuna neno jipya lililoundwa. Neno la zamani liligeuzwa upande, na burudani ikabaki nyuma.

Majina ya hofu

Ni kosa kudai kwamba Kiswahili cha karne ya 19 kilikosa maneno ya hali hizi. Hofu, huzuni, dhiki na fadhaa yalikuwa yamekwisha kukaa katika lugha, na maneno ya asili ya Kibantu, kama vile upweke na ugeni, yalikuwapo kabla yao. Dhiki katika asili yake ya Kiarabu ni wembamba, yaani kubanwa mahali. Anayesema ana dhiki anasema, kwa maana ya zamani, kwamba kuta zimemkaribia. Jakamoyo humweka moyo ndani ya neno lenyewe, na misemo mingine inafanya vivyo hivyo: moyo kumwenda mtu mbio, roho kuwa juu.

Neno lenye mzigo mkubwa zaidi ni wasiwasi. Asili yake ni waswas ya Kiarabu, mnong'ono, na kila mtoto aliyesoma chuoni pwani alikutana nalo mapema katika sura ya mwisho ya Kurani, ambamo anaombwa Mwenyezi Mungu kinga dhidi ya shari ya mnong'onezaji. Kwa hiyo wasiwasi haukuwa hali ya mwili tu. Ulikuwa sauti inayotoka nje ya mtu na kumwingia kifuani, na dawa yake ilikuwa kusoma, si kusimulia. Mtu aliyelelewa katika fahamu hiyo hana sababu ya kuuandika wasiwasi wake katika kitabu cha safari, kwani kuuandika ni kuupa nafasi ya kunong'ona tena. Hii ni sababu moja ya ukimya wa maandishi, na inatoka ndani ya lugha na dini ya waandishi wenyewe.

Yapo pia majina mawili ya mahali, ambayo siku hizi hutumika kana kwamba yana maana moja. Ugenini ni mahali pa mgeni. Neno linamtazama msafiri pale alipo, katikati ya wenyeji. Ughaibuni limetoka katika ghaibu, yaani kutokuwapo. Linamtazama msafiri kutoka nyumbani, na linachokiona ni pengo lake. Neno hili la pili limeenea sana tangu kuongezeka kwa Watanzania na Wakenya wanaoishi nchi za nje. Kwa kuwatathmini waandishi wa zamani, tofauti hiyo ina faida. Salme aliandika kutoka ugenini kwa kujifanya anawaandikia watu wa ughaibu wake. Walimu wa Berlin waliandika wakiwa ugenini kwa ajili ya wenyeji wao hasa.

Berlin na chumba cha darasa

Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin, Seminar für Orientalische Sprachen, kilifunguliwa mwaka 1887. Kiswahili kilifundishwa na Carl Gotthilf Büttner, aliyekuwa mmisionari. Pembeni yake aliwekwa msemaji wa lugha. Wa kwanza alikuwa Sleman bin Said, aliyefika mwaka 1889. Mwaka huo pwani ya pili ya mlango wa bahari wa Unguja ilikuwa katika vita: Wajerumani walikuwa wakipigana na Abushiri bin Salim na wenziwe, na Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba. Wanafunzi waliokaa mbele ya mwalimu huyo walikuwa wakijiandaa kwenda kutawala huko huko. Ni vigumu kufikiri mahali pabaya zaidi kwa mtu kueleza hofu zake.

Mwaka 1891 nafasi hiyo ilishikwa na Amur bin Nasur, Mwarabu wa Unguja, aliyekaa Berlin hadi mwaka 1895. Maelezo yake ya safari ya bahari na ya mambo aliyoyaona Berlin ni miongoni mwa nathari ya mwanzo kabisa ya Kiswahili kuhusu mji wa Ulaya. Maandishi ya walimu hawa yaliingia katika mkusanyo wa Büttner, Anthologie aus der Suaheli-Litteratur, uliotoka mwaka 1894. Mwaka 1901 Carl Velten, aliyeshika kazi ya Kiswahili baada yake, alichapisha Safari za Wasuaheli. Humo imo safari ya Salim bin Abakari, aliyefuatana na Mjerumani Theodor Bumiller mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia.

Maandishi haya yalihitajiwa kama vitabu vya kusomea. Mwanafunzi wa Kijerumani alitakiwa apate vitenzi, hesabu, majina ya vitu na mfululizo wa matukio. Aina ya utungo aliyokuwa nayo mwandishi ilikuwa khabari, kama ilivyoendelezwa wakati huo, nayo kwa kawaida yake huanza na njema. Mambo mawili yalikutana: mahitaji ya darasa na adabu ya msimulizi. Yote mawili yalipendelea kitu kinachoonekana na kuhesabika kuliko kisichoonekana.

Hata hivyo, orodha yenyewe inaweza kusomwa kwa namna nyingine. Mtu anayeingia mji asioujua huhesabu. Huhesabu vituo, madaraja, ngazi, siku. Kuhesabu ni kazi inayoshika akili isikimbie, na mtu aliyewahi kumsikiliza msafiri aliyefika jana anajua kwamba ndivyo anavyosema: kwanza hiki, halafu kile, kisha kingine. Kiambishi cha -ka-, ambacho wanasarufi hukieleza kama alama ya mfululizo katika masimulizi, hufanya kazi hiyo kwa ufanisi wa pekee: tukafika, tukashuka, tukapanda, tukaona. Kila kitenzi kinamvuta msimulizi kutoka katika tukio lililopita kabla hajaombwa alieleze. Neno ajabu nalo limehukumiwa kwa ukali usiostahili. Kusema kitu ni cha ajabu si lazima kukisifu. Ni kukisogeza umbali wa kutazamika. Hoja hii haithibitishi kwamba kila orodha inaficha hofu, na msomaji anayezitafuta hofu kila mstari atazipata hata pasipokuwapo. Inatosha kwa kukanusha kwamba orodha ni dalili ya utupu.

Lazima pia kukumbuka hali ya barabarani. Mwaka 1896, katika maonyesho ya makoloni yaliyofanyika Treptow, Berlin, zaidi ya watu 100 kutoka makoloni ya Kijerumani waliwekwa mbele ya watazamaji, wakiwemo watu wa Afrika Mashariki. Mwalimu wa lugha aliyetembea katika mji huo alitembea miongoni mwa watu waliozoezwa kumtazama Mwafrika kwa tiketi. Kuugeuza utazamaji huo, kuandika kwamba Wajerumani wana desturi hii na ile, kulikuwa na nafuu yake.

Mtoro bin Mwinyi Bakari

Mwaka 1900 alifika Berlin mtu wa aina nyingine. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mtu wa Dunda, karibu na Bagamoyo, mwenye elimu ya dini, aliyewahi kukusanya kodi ya nyumba kwa serikali ya Kijerumani. Katika chuo cha Berlin alikuwa mwalimu, na mchango wake ndio uti wa mgongo wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Velten mwaka 1903 na kutafsiriwa kwa Kiingereza na J. W. T. Allen mwaka 1981.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Ndoa ilizua chuki, na kazi yake chuoni ikaisha. Mwaka 1905 wanandoa hao walisafiri kwenda Afrika Mashariki, ambako wakuu wa koloni hawakumruhusu kushuka nchini pamoja na mke wake mzungu. Walilazimika kurudi Ujerumani. Wasiwasi wa siku za mwanzo, ambao msafiri huupata katika mji wa watu, kwake ulihamia kwenye bandari ya nyumbani: aliiona pwani yake kutoka melini kama mgeni anayesubiri kibali. Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Yeye hakupewa hata siku ya kwanza.

Kati ya mwaka 1909 na 1913 alifanya kazi Hamburg, pamoja na Carl Meinhof, katika mji ule ule ambao miaka zaidi ya 40 kabla yake Salme alikuwa akingoja jioni ili apate mtu wa kusema naye Kiswahili. Sasa lugha hiyo ilikuwa na darasa, kamusi na mishahara. Salme mwenyewe alikuwa amehama zamani. Mume wake alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya gari la reli la kukokotwa na farasi, na katika miaka hiyo yeye aliishi Beirut. Mtoro alirudi Berlin na kufariki huko mwaka 1927. Kitabu chake kikubwa kinaeleza jinsi mtoto anavyopewa jina, jinsi mgeni anavyopokewa, ngoma, ndoa, maradhi na mazishi ya watu wa pwani. Hakuna sura inayohusu Berlin.